Jina Juu ya Mlango

Maneno haya niliyasema mbele ya wenye maduka wa mjini Tanga. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Wazee wangu, kina mama, ndugu zangu wa biashara, shikamooni. Vijana, habari za kazi.

Nimeombwa niseme juu ya kukua kwa duka. Nafikiri mlitarajia nitataja maduka ya Kariakoo au Nairobi, lakini leo nitawapeleka mbali kidogo, Meksiko, katika mji wa milimani uitwao Xalapa, jimbo la Veracruz. Ni mji wa kahawa na ukungu. Ile mvua nyepesi inayonyesha bila kuchoka wenyeji wake wameipa jina, wanaiita chipi-chipi. Na ile pilipili nene ya kijani inayoitwa jalapeño imechukua jina lake kwenye mji huu. Humo ndimo lilimotoka duka moja la uzi na vifungo. Leo duka hilo ni Chedraui, kampuni ya supamaketi yenye maduka kila pembe ya Meksiko na mamia mengine ndani ya Marekani. Ukiingia kwenye duka lao kubwa unakuta nyama, mboga na mkate upande mmoja. Upande wa pili mashati, viatu, majokofu, televisheni na magodoro.

Nimeisoma habari ya duka hili kwa muda mrefu, na kila nikirudi kuisoma jicho langu linakwenda mahali pamoja: juu ya mlango, pale linapoandikwa jina. Naomba tutembee na majina.

Mwaka 1920 ulianza vibaya Xalapa. Mapema mwezi wa Januari ardhi ilitetemeka katika milima ile, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Nchi yenyewe ilikuwa inatoka katika miaka kumi ya mapinduzi na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwezi wa Mei mwaka huohuo rais wao, Venustiano Carranza, aliuawa. Katika mwaka kama huo mtu mwenye akili zake angeficha fedha chini ya godoro. Lakini wahamiaji wawili kutoka Lebanoni, mzee Lázaro Chedraui Chaya na mkewe Ana Caram, ndio waliofungua duka. Wakaliita El Puerto de Beyrouth, Bandari ya Beirut.

Walebanoni wengi walikuwa wameondoka kwao tangu enzi za utawala wa Waturuki wa Osmani, wakashukia kwenye bandari ya Veracruz bila Kihispania na bila mtaji. Riziki yao ya mwanzo ilikuwa uchuuzi. Walibeba kanga mbili tatu za kule, vitana, sindano, riboni, misalaba na shuka, wakapita mlango kwa mlango, kijiji kwa kijiji. Mteja hana fedha? Chukua, utalipa kidogo kidogo nikipita wiki ijayo. Wameksiko wakawapa jina la aboneros, watu wa malipo ya awamu. Hapa sina haja ya kueleza sana, maana katika ukumbi huu kila mmoja anajua mali kauli ni nini. Mtu anakukabidhi mzigo kwa neno lako tu, bila karatasi wala shahidi. Neno likivunjika, na biashara imekwisha.

Duka la mzee Lázaro na mama Ana lilikuwa la aina ambayo Wahispania huiita mercería: uzi, vifungo, sindano, lastiki, riboni, lesi. Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu watu wakisimulia ukuaji wa kampuni kubwa huruka miaka ya vifungo na kukimbilia miaka ya mabilioni.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, aliuza uzi na vifungo kwenye kibanda karibu na mafundi cherehani. Nilikaa naye likizo zote za shule. Mteja wa uzi haji akasema anataka uzi. Anakuja na kipande cha kitambaa mkononi, anakunyoshea, anataka uzi wa rangi ileile. Ukimpa uliofifia kidogo, fundi atamrudisha. Anataka vifungo sita kwa sababu shati lina nafasi sita; ukiwa na vitano umemkosa. Na fedha anayokuachia ni ndogo mno. Kwa hiyo faida yako haipo katika mauzo ya leo. Ipo katika kurudi kwake, kesho na keshokutwa, yeye na jirani yake. Bibi alikuwa na daftari, lakini si la madeni peke yake. Aliandika humo rangi alizoulizwa akakosa kuwa nazo. Jumamosi akienda kununua mzigo, ananunua kwa lile daftari. Ndiyo maana nilipokutana na habari ya Xalapa sikushangaa kwamba duka la namna hii linaweza kuzaa kampuni. Hakuna chuo cha biashara kinachomfundisha mtu kumsikiliza mteja kama kaunta ya vifungo.

Baada ya miaka saba, mwaka 1927, walifanya jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko ununuzi wowote uliofuata. Waliishusha Bandari ya Beirut. Juu ya mlango wakaandika Casa Chedraui, na chini yake, La Casa de Confianza, nyumba ya kuaminika.

Liangalieni badiliko hilo. Bandari ya Beirut ni jina la mwenye duka anayekumbuka kwao. Kila alipolisoma alinusa bahari aliyoiacha. Na haki yake. Mhamiaji gani hana hamu ya kwao? Lakini mwanamke wa Xalapa aliyekuja kununua lesi ya gauni la binti yake hakuwa na habari na Beirut. Jina la pili linamwelekea yeye. Linamwambia: sisi tunaitwa hivi, tunakaa hapa, kifungo kikiwa kibovu unajua pa kutupata. Mchuuzi anayepita hawezi kusema hivyo. Anayesema hivyo ni mtu aliyeamua kwamba atazikwa hapohapo.

Kisha ikapita miaka mingi ambayo haina habari za kusisimua. Duka likahamia kwenye nguo na vitambaa, likauza kwa jumla na kwa rejareja. Mwaka 1961 lilikuwa limekuwa Almacenes Chedraui, na wafanyakazi wapatao 80. Wafanyakazi 80, baada ya miaka 41! Kijana aliyefungua duka mwaka juzi na tayari amekata tamaa kwa kuwa hajafungua tawi la tatu, naomba namba hizo mbili uende nazo nyumbani.

Nje ya Xalapa wakati huo mambo yalikuwa yakibadilika. Mwaka 1958 ndugu watatu wa familia ya Arango, akiwemo Jerónimo, walifungua jijini Mexico duka la Aurrerá. Inasemekana Jerónimo alipata wazo hilo New York, alipoona foleni ya watu nje ya duka la bei nafuu. Aurrerá ni neno la Kibaski, maana yake ni mbele, twende mbele. Mwaka 1962 Mhispania Ángel Losada Gómez akafungua Gigante, jitu kubwa, jina lisilohitaji tafsiri. Comercial Mexicana ilikuwa imeanza na vitambaa mwaka 1930 katika mitaa ya soko la La Merced, nayo ikageuka supamaketi. Kaskazini, katika mji wa Torreón, kulikuwa na duka la vitambaa la tangu 1905 la Wahispania kutoka Soria, ndiyo maana likaitwa La Soriana. Mwaka 1968 nao wakafungua duka la kujihudumia. Kule Culiacán kuna Casa Ley, na hilo Ley ni jina la Kichina, Lee, lililovaa Kihispania. Mkitazama vizuri, rejareja ya Meksiko ilijengwa na watu waliokuja na masanduku. Na wengi wao walianzia kwenye kitambaa.

Mwaka 1970 Chedraui wakafungua supamaketi yao ya kwanza, palepale Xalapa. Aliyekuwa akisukuma hatua hiyo ni Antonio Chedraui Caram, mtoto wa waanzilishi. Nusu karne imepita tangu uzi na sindano.

Sasa nieleze kwa nini kuunganisha chakula na nguo chini ya paa moja kuna nguvu, maana wengine hapa mnauza kimoja tu. Sukari, mafuta na unga vina faida nyembamba kama karatasi, lakini vinatoka kila siku. Shati na jokofu vina faida nono, ila vinakaa. Ukiuza sukari peke yake utafanya kazi ya punda. Ukiuza majokofu peke yake utakaa umeshika tama ukingojea mteja wa Jumamosi. Duka la namna hii huweka chakula kimlete mtu mara mbili kwa wiki, na nguo zimngojee njiani anapokwenda kwa keshia. Meksiko mshahara wa wengi hutoka mara mbili kwa mwezi, tarehe 15 na mwisho wa mwezi. Wao wanaiita quincena. Siku hizo magodoro na televisheni hutembea. Siku nyingine zote ni nyanya na tortilla, zile chapati zao za mahindi, ndizo zinazoweka taa za duka zikiwaka.

Na kuna hili la pili, ambalo halionekani rafuni. Supamaketi inauza maziwa leo na kupokea fedha taslimu leo, lakini msambazaji wa maziwa atalipwa baada ya wiki kadhaa. Katika nafasi hiyo ya katikati duka linatembea na fedha za watu. Ukiwa mwangalifu, ni mtaji usio na riba. Ukijisahau, ni kitanzi. Nitarudi hapo.

Kitu kingine ninachokipenda katika biashara yao ni jinsi walivyochukua desturi ya soko la wazi na kuiingiza ndani. Meksiko kuna magulio ya mitaani yaitwayo tianguis, neno la kale la Kinahuatl kutoka kabla ya Wahispania kufika. Kila mtaa una siku yake. Mama wa nyumbani anajua nyanya zinashuka bei lini na wapi. Supamaketi zilipoona haziwezi kulishinda gulio kwa wiki nzima, zikajipa siku za gulio. Chedraui wana siku zao mbili, Jumanne na Jumatano, ambazo bei ya matunda na mboga hushuka, na wameziunganisha kwa neno moja, Martimiércoles. Ni kama mtu hapa aseme Jumanne-tano. Watoto wanalijua. Kuna wataalamu wangelipwa fedha nyingi kubuni tangazo la maana. Hawa walichukua kile ambacho mama tayari alikuwa anakifanya.

Kutoka Xalapa walishuka mwambao wa Ghuba ya Meksiko na kwenda kusini mashariki, Villahermosa na miji ile ya joto.  Ni eneo ambalo mafuta ya petroli yaligunduliwa kwa wingi, Tabasco na katika bahari ya Campeche, na fedha ikaingia.

Nafika mwaka 1997, na hapa naomba tusimame.

Mwaka huo Walmart ya Marekani ilichukua hisa nyingi za Cifra, kampuni iliyokuwa na maduka ya Aurrerá, baada ya kushirikiana nayo tangu 1991. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu mkataba wa biashara huria wa Amerika ya Kaskazini uanze na tangu peso, fedha ya Meksiko, iporomoke mwishoni mwa 1994. Wafanyabiashara wa Meksiko waliona jitu limevuka mpaka kuja kwao. Wengi walikuwa wanahesabu siku.

Mwaka uleule Chedraui walivuka mpaka upande wa pili. Walifungua duka katika mji wa South Gate, kusini mashariki mwa Los Angeles. Zamani South Gate palikuwa na kiwanda cha magari cha General Motors; kilifungwa mwaka 1982, Wazungu wengi wakahama, familia za Wameksiko zikaingia. Duka likawa na tortilla za moto, nyama iliyokatwa jinsi wanavyoikata Meksiko, jibini, pilipili za aina zote, maharage kwa magunia. Na juu ya mlango hawakuandika Chedraui. Waliandika El Super.

Kwa nini? Meksiko ni kubwa. Waliohamia California walitoka zaidi Jalisco, Michoacán, Zacatecas, na kwa wengi wao Chedraui lilikuwa jina la watu wa Veracruz, la mbali. Lakini kila mmoja wao, akitoka nyumbani kwenda kununua vitu, husema voy al súper, naenda supamaketi. Wakachukua neno lililokuwa tayari mdomoni mwa mteja. Ni jambo lilelile la 1927, ila limegeuzwa. Kule Xalapa waliondoa jina la kwao wakaweka lao, kwa sababu mteja alihitaji mtu wa kumwajibisha. South Gate waliondoa lao wakaweka la mteja, kwa sababu aliyehama alihitaji mahali pa kujisikia nyumbani. Mara zote mbili aliyesikilizwa ni anayeingia mlangoni. Hiyo ni tafsiri yangu, sikuipata katika taarifa zao za mwaka, lakini naiamini.

Kuvuka kule hakukuwa rahisi kwa kila mtu. Gigante nayo ilikwenda California. Mwaka 2002 mjini Anaheim ilinyimwa kwanza kibali cha kuuza vileo, na ukazuka mzozo mkubwa, kwa kuwa wengi waliona kosa la duka ni kuonekana la Kimeksiko mno. Baraza la mji hatimaye liliruhusu. Lakini Gigante haikudumu huko. Mwaka 2008 maduka yake ya California yalichukuliwa na El Super.

Turudi Meksiko, mwaka 2005. Carrefour ya Ufaransa ilikuwa imeingia nchini katikati ya miaka ya 1990, ikijenga maduka makubwa ya mtindo wake. Mwezi wa Machi 2005 ilitangaza kuondoka, ikauza maduka yote 29 kwa Chedraui. Wakati huohuo iliuza maduka yake 8 ya Japani. Mfaransa alikuwa na mtaji, uzoefu na maghala, asingeshindwa kujenga. Ila palikuwa na Walmart, palikuwa na wenyeji, na yeye alikuwa na nchi nyingine nyingi za kwenda. Kampuni yenye nchi thelathini inaweza kufunga moja ikaendelea kulala. Mtu wa Xalapa hana pa kwenda.

Kwa maduka hayo 29 Chedraui waliingia kwa nguvu katika jiji la Mexico na miji mingine ambako jina lao lilikuwa dogo. Na safari hii jina la zamani liling'olewa, likawekwa Chedraui kwa herufi kubwa. Kwa sababu Carrefour ilikuwa imeondoka, na jina la aliyeondoka juu ya mlango halimpi mteja imani yoyote.

Ndugu zangu, mnajua Carrefour mnayoiona Nairobi tangu 2016, inayoendeshwa na kampuni ya Majid Al Futtaim ya Dubai. Na tunayo hadithi yetu inayofanana na ile ya 2005, nayo ina maumivu. Mwaka 2014 Shoprite ya Afrika Kusini ilipoondoka Tanzania, maduka yake yalichukuliwa na Nakumatt ya Kenya. Nakumatt nayo ni jina lenye asili ya unyenyekevu: Nakuru Mattresses, magodoro ya Nakuru. Mnaona ufanano? Duka la familia lililoanza na kitu kimoja, likanunua alichokiacha mgeni mkubwa. Lakini kufikia 2017 rafu za Nakumatt zilikuwa tupu kwa sababu wasambazaji waliacha kuleta mzigo usiolipwa, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ya kuivunja. Ile nafasi ya katikati niliyoitaja, kati ya kuuza maziwa na kumlipa mwenye maziwa, ilikuwa imetumika kujenga matawi. Sisemi kwa kuwacheka. Wapo wasambazaji wadogo, wakulima na viwanda vya watu, waliopoteza kila kitu, na wapo wafanyakazi waliokwenda nyumbani bila mshahara.

Tofauti naiona katika mwendo. Chedraui walinunua Carrefour mwaka 2005, wakauza hisa za kampuni yao kwa umma katika soko la hisa la Meksiko mwaka 2010, na hawakufanya ununuzi mwingine wa ukubwa ule hadi 2018. Katikati wakawa wanazoeza maduka waliyoyachukua. Wenzao hawakuwa na bahati. Comercial Mexicana mwaka 2008 ilijikuta katika hasara kubwa ya mikataba ya fedha za kigeni, peso ilipoanguka. Mwaka 2015 maduka yake mengi yakauzwa kwa Soriana, ambayo tayari ilikuwa imeyachukua ya Gigante mwaka 2007. Jitu likamezwa na duka la vitambaa la Torreón.

Mwaka 2018 Chedraui walinunua Fiesta Mart ya Texas, maduka 63, kwa dola milioni 300. Fiesta ilianzishwa Houston mwaka 1972 na ilijengwa juu ya wahamiaji, ikiwa na kasuku katika nembo yake. Kasuku wakamwacha palepale. Mwaka 2021 wakanunua Smart & Final, maduka zaidi ya 250 katika California, Arizona na Nevada, kwa dola milioni 620. Kampuni hiyo mizizi yake ni Los Angeles ya mwaka 1871. Ilikuwa na umri wa karibu miaka 50 Bandari ya Beirut ilipofunguliwa. Jina lake pia hawakuligusa. Na mwaka uliofuata zaidi ya nusu ya mauzo yote ya kampuni ya Xalapa ikawa inatoka Marekani. Leo mama wa Arizona anasukuma toroli yake bila kujua kwamba mwenye duka ni wa kule kwenye chipi-chipi, na hakuna anayemlazimisha ajue.

Sitasema hakuna doa. Katika miaka ya 2010 wafanyakazi wa El Super walio katika chama cha wafanyakazi walivutana na mwajiri wao kwa muda mrefu kuhusu mkataba, wakidai saa za kazi za uhakika, siku za kuugua na malipo. Wengi walikuwa wahamiaji, kama alivyokuwa mzee Lázaro. Na kule Meksiko, katika supamaketi za kila kampuni, kwa miaka mingi walikuwapo watu wa kupanga vitu kwenye mifuko mwisho wa kaunta, wanaoitwa cerillos, njiti za kibiriti. Zamani watoto na vijana, baadaye wazee. Hawalipwi na duka. Wanaishi kwa bakshishi ya mteja. Janga la korona lilipoingia mwaka 2020 wazee wale waliambiwa wakae nyumbani kwa usalama wao, na wengi hawakupata nafasi ya kurudi. Mimi siwezi kusifu ukuaji wa supamaketi za nchi ile nikamruka mzee aliyesimama kwa saa nne akipanga mayai ya watu bila senti moja kutoka kwa mwenye duka. Hilo ni deni, hata kama halimo katika daftari lolote.

La mwisho linawahusu ninyi mliokaa mbele yangu. Miaka ya karibuni Chedraui wanafungua maduka madogo ya mtaani, wameyaita Supercito, supamaketi kadogo. Kampuni iliyotoka kwenye duka dogo ikapanda hadi maduka yenye maegesho ya mamia ya magari, sasa inashuka kutafuta kona ya mtaa. Na kwenye kona hiyo tayari kuna mtu. Kuna OXXO, vijiduka vya kampuni ambavyo kote nchini vimezidi 20,000. Na kuna abarrotes, duka la mama fulani, lenye friji moja ya soda, mayai yanayouzwa mojamoja, na mteja anayeitwa kwa jina la mwanawe.

Katika maduka hayo ya Meksiko hubandikwa kibao kimoja cha zamani, Hoy no fío, mañana sí. Leo sikopeshi, kesho nakopesha. Mnatabasamu kwa sababu mnakijua. Kipo hapa sokoni, kipo Pemba, kipo kila mahali penye kaunta. Na mnajua vilevile kwamba aliyekibandika ndiye anayekopesha kila jioni, kwa sababu mtoto wa jirani ametumwa unga na mama yake hana. Supercito haitakopesha. Mashine yake haimjui mtoto wa nani. Mzee Lázaro wa mwaka 1920 angemjua. Siku kijiduka kipya kitakapofunguliwa mkabala na chako, bei ya sukari huiwezi, usijaribu. Fungua daftari la bibi yangu: andika kile ulichoulizwa ukawa huna. Na mweleze mteja wako, kwa jina lako lililo juu ya mlango, kwamba kesho kitakuwepo.

Kuna mzee kule nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja mali kauli. Naomba apelekewe kipaza sauti.